Kamba ya Shingoni Niliyomsukia Shemeji Mwero

Nakumbuka, mwanangu, uvumi mmoja ulioizunguka Ukunda nzima nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na ushei. Ilisemwa kwamba kamba ya parachuti haikatiki milele. Eti imefumwa kwa mishipa ya nyangumi. Eti kipande chake kimoja, kirefu kama mkono wangu, kiliwahi kuvuta lori la miwa lililozama matopeni kule Ramisi. Lori likakatika vipande viwili, kamba ikabaki nzima. Niliyaamini yote. Tena nikayaongeza: habari ilipofika Msambweni kwa kinywa changu, lori moja lilikuwa limeshakuwa malori manne.

Nakusimulia haya kwa sababu nimekuona hapo barazani, simu umeiegemeza kwenye birika, unamfuata yule mtu wa video akikufunza kusuka kamba ya kuvalia ufunguo. Mikono yako ni myepesi, mashallah. Usiache. Suka huku ukinisikiliza.

Mimi nilipewa kamba yangu na mlinzi wa hoteli moja ya Diani, furushi zima la rangi ya kijani lililoachwa na mgeni. Nikakaa nalo nyumbani kwa mama siku nne. Kushoto juu ya kulia, pitisha kitanzini, kaza. Kulia juu ya kushoto, pitisha, kaza. Nilikaza kwa meno. Ncha mbili nikaziunganisha kisogoni, nikaziyeyusha kwa mshumaa na kuzibana zingali za moto hadi zikagandana kama jiwe. Vidole vyote kumi viliungua, na cha kumi na moja kingeungua kama ningekuwa nacho. Ilipokwisha ilikuwa na magamba kama mgongo wa chatu. Mama alisema hajaona kazi kama ile. Hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Niliisuka kwa ajili ya Mwero, mume wa dada yangu Mwanasiti. Mwero ni Mduruma wa Kinango, aliteremka huku pwani kutafuta riziki, akawa na mashine ya kukamua juisi ya miwa kando ya barabara kuu ya Msambweni: magogo mawili ya chuma yanayozunguka yakibanana, injini ndogo ya petroli, na ndoo ya barafu. Ufunguo wa banda aliuvaa shingoni kwa uzi wa mkonge, na uzi ule ulikatika karibu kila wiki. Tukawa twaparura makapi ya miwa kama kuku, twatafuta ufunguo. Nikaapa kuukomesha ujinga ule.

"Lo, shemeji!" akasema nilipomvika. "Hii ni kamba au nira?"

"Hiyo ni parachuti. Imeshusha askari kutoka mawinguni, itashindwa na kifunguo chako?"

Akaipapasa. "Ni nzuri. Na ikinaswa, je?"

Swali dogo, la mtu mwenye akili zake. Lakini wateja walikuwa wamesimama na gilasi mikononi, wananitazama.

"Ikinaswa," nikapaza sauti, "itakivuta kilichoinasa hadi Kinango, ukamwonyeshe baba yako na ng'ombe zake!"

Watu wakacheka. Mwero naye akacheka, maana ana heshima, na mimi ni kaka wa mkewe. Akaivaa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa nikakaza fundo.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimeketi pale kwenye benchi nikiwaeleza wateja habari za nyangumi. Mwero akainama kuondoa makapi yaliyoziba. Ufunguo ukaning'inia, kamba ikaingia pamoja na bua la muwa. Hapa sitii chumvi, mwanangu. Chumvi yote niliimaliza huko nyuma. Mashine ilimvuta uso. Akaegemeza mkono wa kulia kwenye chuma ajisukume, na mkono ukaenda. Mteja mmoja akazima injini. Mimi nikalirukia fundo nilifungue. Halikufunguka. Nikalivuta, kumbe nazidi kumnyonga. Yule mteja akanisukuma kando, akaikereza kamba kwa panga la miwa hadi ikaachia.

Mwero alirudi nyumbani kutoka hospitali na kidole gumba peke yake katika mkono ule. Nilipokwenda kumjulia hali, Mwanasiti alikuwa mlangoni. Hakulia, hakunitukana. Aliniuliza tu, "Kaka, umemaliza kusuka?"

Hadi leo nikienda kwao hunipa chai, lakini haketi. Mwero hunipa mkono wa kushoto na kuniita shemeji kama zamani, na hilo lachoma kuliko matusi. Majuto ni mjukuu, husema wazee. Wangu mimi ameshaota ndevu.

Nasaha yangu ni hii. Kamba yako ipendeze utakavyo, ila kisogoni usiyeyushe kitu. Unganisha ncha zile kwa uzi wa cherehani, kisha uvute kwa vidole viwili. Usipokatika, fumua, anza tena. Na mtu akikuuliza jambo mbele ya watu, mjibu yeye, usiwajibu wanaocheka. Mwenyezi Mungu akubarikie vidole vyako, vyote kumi, uzeeke navyo, na akujaalie usimpe ndugu yako zawadi ya kumliza.

Wala usidhani nilijijulia mwenyewe. Miezi mizima niliilaumu mashine, nikailaumu petroli, nikamlaumu hata Mwero kwa kuinama vibaya. Kisha akateremka baba yake, Mzee Nyamawi, mchunga ng'ombe, vumbi la Kinango lingali miguuni. Nikampa shikamoo, akaitikia. Akaomba aione kamba. Mwanasiti alikuwa ameiweka, akamletea.

Mzee aliigeuzageuza mkononi muda mrefu.

"Una mkono mzuri," akasema.

"Mzee, mashine ile ndiyo mbovu..."

"Ushawahi kumfunga ng'ombe kengele?"

"La, mzee."

"Mimi humfunga kwa ukanda wa ngozi. Ngozi ngumu. Lakini kisogoni naunga kwa uzi wa mkonge mkuukuu. Ng'ombe huingia vichakani, ukanda hunaswa na miiba. Uzi ukatike, kengele ianguke, yeye aende zake." Akaiweka kamba mkekani baina yetu. "Mwero alijifunga mkonge kwa sababu aliniona mimi. Kitu cha shingoni, mwanangu, sharti kiwe na mahali pa kukatikia."