Kikohozi cha Adabu

Muuguzi wa kliniki ya wanawake alikuwa na sharti moja: hakuna kwenda msalani kabla ya kipimo. Alisema kibofu kitupu hakisemi ukweli. Kabla ya kumgusa mgonjwa aliipasha mikono yake joto kwa kuisugua, akaeleza anachotaka kufanya, akangoja akubaliwe. Hiyo naiita heshima. Wifi yangu niliyemsindikiza, aliyeacha kwenda hata harusini kwa kuogopa kutokwa na mkojo mbele za watu, alisimama juu ya kitambaa, akaambiwa akohoe ili ionekane kama mkojo unavuja, akakohoa kidogo. Muuguzi, aliyechuchumaa mbele yake, hakuona kitu.

“Mama, hicho ni kikohozi cha kupiga hodi ukweni,” alisema. “Kohoa kama umemfuma wifi yako huyu anadokoa nyama jikoni.”

Wifi akanigeukia mimi, nisiyedokoa hata chumvi, nimekunja uso. Alicheka mpaka akashika ukuta, na mkojo ukamtoka.

“Haya, nimeona,” muuguzi alisema, naye akicheka. “Misuli ya nyonga imelegea. Tutaifundisha kubana, na harusini utacheza.”

Wifi alitoka akiimba. Hasara ilikuwa ya muuguzi: viatu vyake vyeupe, vipya, vililowa mkojo.