Aliyepagawa Kabeba Nini

Nakumbuka alasiri moja hapa Mwabungo, mwanangu, nilipocheka kicheko ambacho hadi leo natamani ningekimeza.

Mwanasha, binti wa mama yangu mkubwa, alikuwa amekuja kwetu kutoka Msambweni baada ya kuzika mtoto wake wa kwanza. Tulilala kitanda kimoja, tukagawana doti moja ya leso, yeye kipande na mimi kipande. Siku hiyo majirani walikuwa wakipiga kayamba la pepo, ile ngoma ya kumpungia mgonjwa. Mwanasha akaanza kutetemeka, akaanguka uani, akawa anapiga mayowe na kuumwaga mchele tuliokuwa tumeuanika. Mimi, kwa ujinga wa ujana, nikamwigiza mbele ya wasichana wenzangu. “Mwanasha kapagawa!” nikasema, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Bibi yangu akaniita. Hakupaza sauti, afadhali angenichapa.

“Wamjua mpagazi?”

“Ndiyo, bibi. Mwenye kubeba mizigo ya watu.”

“Basi neno kupagawa limetoka huko huko. Aliyepagawa katwikwa mzigo, uwe wa pepo au wa dunia. Ushamuuliza mwenzio kabeba nini?”

Sikuwa nimemuuliza. Wiki tatu kitanda kimoja, na hata jina la yule mtoto sikulijua. Nikasema nitamuuliza asubuhi. Asubuhi mama yake akaja kumchukua. Kicheko changu Mwanasha alikuwa amekisikia. Tulipoagana alinipa mkono, uso akautazamisha kando. Baadaye akaolewa Tanga, na huko ndiko alikofia. Nina hamu naye, mwanangu, hamu isiyozeeka kama nilivyozeeka mimi.

Najua ninyi mnaofanya kazi Diani mkisikia muziki mwasema mmepagawa, na neno limekuwa la furaha. Semeni tu, sina ugomvi nanyi. Lakini jana ulinisimulia habari za mwenzako wa jikoni hotelini, aliyeangua mayowe kazini, ukamalizia kwa kicheko. Hapo ndipo moyo uliponishtuka. Kesho mkikutana, mvute kando, umuulize ana nini, kisha unyamaze umsikilize. Ukiona haya kuuliza, uliza na haya zako hizo hizo.

Mwenyezi Mungu akulainishie ulimi, akupe subira ya kusikiliza, na akuepushe na swali ambalo mwenye kulijibu keshazikwa. Amin.