Magreth na Maneno ya Kinuni

Mwanangu Magreth alizaliwa Kimamba, katika nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli, na kuimba alijifunzia kinuni. Mashine ya kukoboa ipo pale jirani na stesheni, lakini mpunga wa kula nyumbani tumeendelea kuutwanga wenyewe, kidogo kidogo, jua likipoa. Yeye alishika mchi wake upande ule, mimi wangu upande huu, tukipokezana.

Mtaani kwetu mwanamke mwenye jambo na mumewe hulisema kinuni, kwa kuimba. Anayesemwa anaweza kuwa amekaa hapo hapo uani, anasikia kila neno, na hajibu. Akijibu watamcheka kwamba amegombana na kinu. Na wewe uliyeimba, ukishaweka mchi chini, habari imeishia hapo. Hulibebi neno ukaenda nalo bombani. Unayetwanga naye ndiye wa kwanza kulitunza. Magreth alilijua hilo kabla hajaanza shule.

Baba yake, Ditram, alikuwa kibarua wa genge la reli. Mwaka ambao mafuriko yalikula tuta, walipelekwa upande wa Mikumi kutengeneza njia. Kazi ilipoisha wenzake walirudi. Optatus, rafiki yake, aliniletea nyundo ya Ditram imeviringishwa kwenye kiroba, akailaza kizingitini.

"Shemeji, amesema nitangulize hii."

"Na mwenyewe?"

Optatus aliangalia kuku. Nikajua. Baadaye nilisikia ni mwanamke anayeuza chapati karibu na stendi ya Mikumi.

Ditram alikuwa akija mara moja moja kuwaona watoto. Kila alipokuja sikumuuliza kitu. Nilimpa maji, kisha nikashika mchi.

*Nyundo imerudi, mkono haujarudi.*
*Njia imenyooka, Mikumi si mbali.*
*Nani amefunga njia?*

Alikuwa akisikiliza ameinamisha kichwa. Safari moja alikuja na begi, akakaa. Hatukulizungumza jambo lile siku hiyo wala nyingine. Niliacha kuuimba ule wimbo, basi. Kwangu mimi huo ndio ulikuwa mkataba wetu, na nyumba ikatulia juu yake.

Magreth alipomaliza kidato cha nne alikwenda Kilosa mjini, akawa anauza kwenye duka la vifaa vya shule mchana na kutunga nyimbo akishafunga. Kuna kijana anaitwa Kelvin ana chumba cha kurekodia huko. Wakatoa albamu yake ya kwanza, nyimbo nane, wakaiita *Kinuni*. Niliposikia jina nilipata wasiwasi kidogo, nikajiambia mtoto ameheshimu nyumbani kwao.

Ditram alifurahi kuliko wote. Alinunua spika ndogo. Jumapili Magreth alikuja na flashi, tukakaa uani, baba yake kwenye kiti chake cha kamba. Wimbo wa kwanza wa mvua, wa pili wa bibi yake, majirani waliokuja wakatikisa vichwa kwa raha. Wa tano ukaanza kwa mlio wa mchi. Ulikuwa mlio wa kinu chetu, ninaujua. Halafu sauti ya mwanangu: *Nyundo imerudi.*

Ditram alinyoosha mkono akaizima spika, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

"Kuku wanashtuka," akasema, akatoka.

"Mama, sijataja jina," Magreth aliniambia.

"Kimamba nzima ni nani aliyerudishiwa nyundo?"

"Ni sanaa tu, mama."

"Ni kinu changu. Ulikuwa umeshika mchi wa pili."

Alichomoa flashi yake, akaitia mfukoni.

Tangu hapo kila niliposimama nilisikia maoni juu ya albamu ya mwanangu. Mudi, dereva wa bodaboda, aliniamkia vizuri kisha akasema, "Shikamoo mama. Dada Magreth anajua, ila anaimba kama anapiga deki. Haina biti, mtu unachezaje?" Mwenzake akamwambia hajui muziki, kwamba ule wa bibi ukiusikiliza safarini hadi Dumila unafika bila kuchoka. Mzee Samweli, mwalimu wa kwaya, alinisimamisha nje ya kanisa. "Sauti ni ya madhabahuni, Mama Magreth. Maneno ndiyo ya jikoni." Mashineni wanawake walikuwa wameuweka ule wa tano kwenye simu, wanaurudia, na Mama Bonifas anafuta macho kwa ncha ya kanga. "Huyu mtoto amenisemea," akasema. Nilitamani kumwambia hakumsemea mtu, alichota kwangu. Nikachukua debe langu la pumba za kuku nikaondoka.

Redioni walifungua simu. Msikilizaji wa Magole alisema albamu ni ya huzuni mno kwa binti mdogo. Mwingine wa Masanze akasema hapana, ndiyo ya kweli pekee aliyoisikia mwaka huu. Wa tatu hakutaja jina. Alisema, "Mimi namwonea huruma huyo mwanaume wa nyundo. Amerudi au hajarudi? Mbona mwisho hauimbwi?"

Ditram alikuwa anakunywa chai. Hakugeuza kichwa. Ila nilimwona kikombe kimekaa mdomoni muda mrefu bila kunywa.

Na vijiweni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Akipita kwenda shambani, mtu anapiga mluzi wa kiitikio. Hawamsemi. Wanapiga mluzi tu. Nilichokiogopa kilikuwa kimoja, nacho nilikiangalia kila asubuhi nikifagia: lile begi lake juu ya kabati. Nilikuwa nahakikisha vumbi bado liko juu yake.

Ndipo Magreth akaitwa kuimba Mikumi, ukumbi mmoja kando ya barabara kuu, wanakopumzika madereva wa malori. Nilipanda gari nikamfuata. Nilimkuta nyuma ya ukumbi, Kelvin anafunga nyaya. Akanishika miguu, "Shikamoo mama," amefurahi kweli.

"Marahaba. Nimekuja kukuomba. Zote imba. Ule usiimbe. Hasa huku."

"Mama, ule ndio watu wanaujua."

"Baba yako anapigiwa miluzi, Magreth."

Macho yakamlowa. "Sawa mama. Siuimbi." Akanishika mkono wangu wa mchi, huu wenye sugu, akauweka shavuni kwake. "Nakuahidi."

Nilikaa nyuma nimetulia. Aliimba wa mvua, wakapiga makofi. Aliimba wa bibi. Kisha jamaa mmoja akasimama, "Nyundo!" Mwingine akadakia, "Nyundo ya nini, tumechoka na misiba, tupe ya kucheza." Wakaanza kubishana meza kwa meza, wa Nyundo na wa kucheza, wanachekana. Magreth alicheka nao. Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Nilitikisa kichwa kukataa. Aliona. Najua aliona, kwa sababu alitazama chini kabla ya kumpa Kelvin ishara.

Mchi ukalia.

Alipomaliza ukumbi mzima ulisimama, hata wale wa kucheza. Akasema kwenye kipaza sauti, "Huu nilifundishwa na mama yangu. Yule pale nyuma mwenye kitenge cha njano. Mpigieni makofi."

Wakageuka wote. Wakanipigia. Msichana wa meza ya jirani alinisimamisha akanikumbatia. Sikujua niweke wapi mikono. Mlangoni mwanamke wa makamo kama mimi, aliyekuwa ameketi na beseni lake la chapati, hakupiga makofi. Alinitazama vizuri, akafunika beseni kwa kitambaa, akajitwika, akaondoka. Sikumuuliza jina. Yeye pia hakuniuliza.

Magreth alinifuata nje. "Mama, nilitaka wajue ni wako. Si ulisema ni kinu chako? Sasa nimekurudishia."

Alikuwa anatabasamu.

Nilifika Kimamba kesho yake, na video ya ukumbini ilikuwa imenitangulia kwenye simu za watu. Ditram alikuwa kwenye kiti cha kamba.

"Ulikwenda kupigiwa makofi," akasema.

"Nilikwenda kumkataza."

"Nimeona. Umesimama, kitenge cha njano."

"Sikusimama. Walinisimamisha."

"Mama Magreth, kinuni ulinisema na sikukujibu. Nilirudi. Kwangu hilo ndilo lilikuwa jibu." Alitazama mikono yake. "Sasa umenipeleka kwenye kipaza sauti. Nikujibie wapi?"

Nilimweleza yote, ahadi, shavu, kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Hakuniamini. Begi halikutoka juu ya kabati, nashukuru kwa hilo. Lakini tangu siku ile nikishika mchi yeye hushika kiti chake, huenda kukaa stesheni mpaka nimalize.

Magreth sasa ametoa albamu ya pili, ina vinanda na biti. Mudi anaipenda. Mama Bonifas anasema haina mtu ndani. Redioni wengi wanasema ya kwanza ilikuwa bora, na wachache wanabisha. Juzi jioni Magreth alinipigia nikiwa kinuni. Nilibana simu kwa bega.

"Mama, unatwanga?"

"Natwanga."

"Nasikia. Imba kidogo basi, mama. Chochote tu."

Ditram alikuwa amefika langoni na kiti chake mkononi. Alisimama hapo, amenipa mgongo, hatoki wala harudi.

Niliilaza simu kwenye ungo, nikashika mchi kwa mikono miwili. Nilitwanga. Ditram aligeuka akaiona simu, akasikiliza kidogo, kisha akafungua lango akaenda zake. Kwenye ungo Magreth alikuwa bado anasubiri, nami niliendelea kutwanga nimefumba mdomo, mpaka salio lake likaisha.