Deski Tupu la Shujaa

Kengele ya skuli za Kijapani haigongwi, inaimba. Ni sauti chache za kinanda, zinapanda kisha zinashuka taratibu. Juzi niliisikia Riyadh, nyumbani kwa dada yangu Rukia, ikitoka kwenye simu ya binti yake, na mara nikajikuta nimerudi sebuleni kwetu Ruwais, Jeddah, mtoto wa miaka tisa, gauni linanuka samaki wa kukaanga, nimebanana na Rukia mbele ya televisheni.

Tulikuwa na tamthilia mbili za mashujaa wa Kijapani, sidii za kununua soko la Kandara, zimetiwa sauti za Kiarabu. Katika zote mbili shujaa alikuwa mwanafunzi wa sekondari, na ugomvi wetu ulianzia hapo. Katika ya kwanza, skuli ndiyo ilikuwa kila kitu: shujaa alifagia darasa kwa zamu, alifeli hesabu, na hata mazimwi aliyopigana nayo yalizaliwa na huzuni za wanafunzi wenzake. Mwishowe akahitimu, walimu wakalia. Katika ya pili, skuli ilikuwa sare tu. Zimwi likinguruma, shujaa huyo dirishani, karuka, na hatumwoni tena darasani. Deski lake lilibaki tupu mpaka mwisho.

Mimi niliipenda ya pili, maana ngumi zilikuwa nyingi. Rukia, aliyebakisha mwaka mmoja amalize sekondari, ilimkera kupita kiasi.

"Hebu tazama! Mtu kaondoka darasani na mwalimu hata haulizi. Skuli gani hiyo?"

"Anaokoa dunia, da Rukia."

"Aiokoe, kisha arudi kwenye mtihani."

Mwaka ule mama mdogo, anayekaa Riyadh, akajifungua mapacha. Kwetu sisi watu wa Unguja, hata tuliozaliwa Jeddah, mzazi haachwi peke yake arobaini yake. Lazima awepo wa kumkanda kwa maji moto na kumpikia uji wa pilipili manga. Mama mgongo ulikuwa unamsumbua, kwa hiyo akatajwa Rukia.

"Arobaini si mwaka, mwanangu," mama alimwambia. Rukia akatia vitabu vyake chini ya nguo, akaenda.

Arobaini ikaisha, pacha mmoja akaugua kifua. Akapona, mama mdogo akarudi kazini. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Da Rukia alipewa watoto wawili. Mitihani ikapita. Mwaka uliofuata skuli ikasema nafasi imejazwa, halas, na baadaye akaja mchumba huko huko Riyadh. Jeddah kila mtu alimsifu kwa moyo wake mzuri, nami nikawatambia wenzangu kwamba dada yangu ni shujaa.

Juzi, kengele ilipoimba, Rukia alitoka jikoni na unga mikononi, akasimama nyuma ya binti yake. Kwenye simu, ndani ya tamthilia, mwalimu alikuwa anaita majina.

"Asiyekuwepo wanamwita?" aliuliza.

"Wanamwita, mama. Kila siku."

"Vizuri," akasema, akarudi jikoni.

Nilimfuata, nikamkuta ameinamia sinki analia. Ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinamuudhi kwenye ile tamthilia. Sote tulimpenda, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza.

"Da Rukia," nikamwambia, "ulitaka kusomea nini?"

Alinawa unga mikononi, akafunga bomba.

"Sikumbuki," akasema.