Njaa Yetu Ilivyosimama Nyuma ya Diwani

Harufu ya sima ya unga wa njano hunifanya hadi leo nimeze mate na kukunja uso kwa pamoja. Nyinyi wa siku hizi hamuujui. Ulinuka gunia lililolala mvuani, na wadudu wake walikuwa wameshiba kuliko sisi. Naapa ungeuacha mlangoni, ungejipeleka jikoni wenyewe kwa miguu.

Ilikuwa miaka ya themanini, Malindi, mtaa wetu wa Kisumu Ndogo. Mvua ilikataa, mahoteli yakapunguza watu, na baba, aliyekuwa dobi hotelini, akabaki nyumbani akitupigia pasi hata matambara. Unga uliuzwa duka moja tu, la Bwana Diwani. Asiyempenda aliambiwa umekwisha, huku magunia yakimchungulia nyuma ya kaunta.

Foleni ilianza alfajiri, na mkia wake, kwa makadirio yangu, ulifika Mambrui. Akina mama hawakuweza kushinda pale na watoto wanalia nyumbani, basi wakajitungia sheria: ukiweka kikapu chako, kimekusimamia. Ukienda kunyonyesha au kuteka maji, ukirudi utaikuta nafasi yako. Aliyekiruka kikapu cha mwenziwe alitukanwa yeye na babu zake hadi wa saba.

Ukaja uchaguzi. Siku hizo kura ilikuwa mlolongo: unasimama nyuma ya mtu wako, mchana kweupe, kila jicho linakuona. Diwani alitaka kurudi kitini. Mpinzani wake alikuwa Katana, fundi baiskeli, aliyezoea kuwapakia wajawazito kwenye keria hadi hospitali bila kuwatoza kitu.

Diwani akapita nyumba kwa nyumba. "Bi Rukia," akamwambia mama, "kesho nitawatazama mmoja mmoja. Nisipokuona nyuma yangu, unga wangu usiuote hata ndotoni."

Tumbo langu liliitikia kabla ya mtu yeyote. Mama akajibu kwa adabu zote, "Nitakuja na kikapu changu, Bwana Diwani."

Kesho yake, katika uwanja wa shule, mama na jirani yetu Mama Atieno walikwenda moja kwa moja nyuma ya Diwani. Yeye akatabasamu hadi magego. Wakaweka vikapu vyao chini, wakajifunga leso sawasawa, wakavuka uwanja na kusimama nyuma ya Katana. Wengine wakafuata, kikapu huku, mwenyewe kule.

"Nyinyi wanawake! Mwaenda wapi?"

"Tumeshika nafasi, baba," Mama Atieno akamwambia. "Si ndiyo sheria ya dukani kwako?"

"Vikapu havipigi kura!"

Hapo mama akapaza sauti, na mama yangu hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Ulitutisha kwa njaa, Bwana Diwani. Njaa yetu hiyo hapo, imesimama nyuma yako. Sisi wenyewe tuko huku."

Uwanja ulicheka, nadhani hata Kilifi walitusikia. Mstari wa Katana ulizunguka madarasa. Wa Diwani ulikuwa na shemeji zake na vikapu. Msimamizi wa uchaguzi akatazama, akakohoa, akatangaza Diwani ameshinda.

Unga tulinyimwa kweli. Tulikula papai bichi la kuchemsha hadi nikawa najikagua masikioni kama nimechipua majani. Nilimkasirikia mama kimoyomoyo. Kwa hesabu yangu ya kitoto, alishindwa mara mbili, uwanjani na jikoni.

Ilinichukua hadi masomo ya gumbaru, ukubwani, kumwelewa. Mwalimu alipotufundisha kwamba kura ni siri, nilimwona mama yangu pale uwanjani, hana karatasi wala pazia la kujifichia, na watoto nyumbani wanasubiri kula. Na nikakumbuka kuwa tangu siku ile shida zote za mtaa zilipelekwa kwa Katana, naye akizisikiliza huku akiziba pancha, wakati mwenye cheo alikaa katika ofisi ambayo hakuna aliyeibishia hodi. Watu walikwisha kujiona walivyo wengi, na hilo halikuweza kufutwa na tangazo.

Mama hakuwahi kunieleza lolote katika hayo. Aliniambia tu nimalize papai.