Nta Niliyoidhani Uchafu

Kibuyu cha mama kilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa nyumba yetu ya Ziwani, Nairobi, na kwa sehemu kubwa ya utoto wangu nilikionea haya. Naanza na hilo kwa sababu nikilichelewesha nitatafuta namna ya kulipamba.

Tulikuwa na chumba kimoja chenye pazia katikati. Mbele kulikuwa na viti vya mbao vilivyofunikwa vitambaa vyeupe alivyofuma mama, meza, kabati la vyombo na kalenda ya kanisa. Nyuma ya pazia kulikuwa na vitanda na masanduku. Wazazi wangu walitoka Kitui kabla sijazaliwa. Baba aliendesha lori la kiwanda kimoja cha Industrial Area na mara nyingi alikuwa safarini. Mama alikunja na kupanga nguo katika kiwanda kingine huko huko. Vitu walivyokuja navyo kutoka nyumbani havikuzidi vitatu: kigoda cha miguu mitatu alichochonga babu, kiondo cha katani ambacho mama alibebea mboga, na kibuyu hicho. Sisi tulikiita kitete.

Kilikuwa na shingo ndefu na tumbo la duara, na kilikuwa cheusi kwa moshi na kwa mikono ya watu. Kizibo chake kilikuwa gunzi la mahindi. Ubavuni kilikuwa na ufa. Mama alikiangusha mtoni alipokuwa msichana wa rika langu la wakati huo, na nyanya, yaani mama yake, hakukitupa. Alitoboa matundu madogo pande zote mbili za ufa, akaushona kwa uzi wa katani aliousokota pajani mwake. Mshono ule ulipanda ubavuni kama uti wa mgongo wa mjusi, na katikati ya kila pindo la uzi kulikuwa na kitu cheusi kilichonata kidogo siku za joto. Hicho kitu cheusi ndicho kilichonikosesha raha kuliko vyote.

Mama hakuwahi kukiosha kwa sabuni. Alitia maji moto na kokoto, akakitikisa huku akiimba, akamwaga. Kisha alichukua kaa jekundu jikoni, akalitumbukiza ndani na kukizungusha haraka mpaka moshi ukatokea shingoni. Baada ya hapo ndipo alipotia uji wa mawele, ukae siku mbili tatu uchachuke. Nilidhani ni njia ya watu wasiokuwa na sabuni.

Mimi nilikuwa mtoto wa kusugua. Nilisugua masufuria kwa majivu mpaka nikaona meno yangu ndani yake. Nikikosea neno moja daftarini, nilichana ukurasa mzima na kuanza upya, hadi mwalimu akaniuliza mbele ya darasa kama nyumbani tuna mbuzi anayekula madaftari. Masomo yangu yaliishia darasa la nane. Kuandika nimejifunza mwenyewe, kwa magazeti yaliyofungiwa nyama na vitabu vya kuazima, na ile hofu ya kosa bado ninayo. Aya hii nimeiandika mara tano.

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa familia kutoka magharibi. Baba wa nyumba hiyo alifanya kazi reli, na binti yake alikuwa rafiki yangu. Kwao, pembeni mwa chumba, kulikuwa na mtungi mkubwa wa udongo uliokalishwa juu ya mchanga mbichi. Siku moja, nikiwa na miaka kumi na mitatu, rafiki yangu alikuja kuazima kiberiti, akasimama nyuma ya mlango akitazama msumarini.

"Hiyo kitu nyeusi ni ya nini?"

"Ya uji."

"Uji gani? Wacha! Hiyo ni ya mganga. Nyinyi Wakamba mtatumaliza." Akatikisa mkono hewani kama mpiga ramli, akakoroma kwa sauti nzito: "Leteni kuku mweusi!"

"Na hiyo nyungu yenu hapo kona, ni ya nini?"

"Hiyo ni friji," alisema bila kupepesa jicho.

Nilicheka. Nilicheka sana, na hilo ndilo linaloniuma. Hakuwa na ubaya wowote, ilikuwa mizaha yetu ya kila siku. Lakini tangu siku hiyo, mgeni alipoingia nilikuwa naacha mlango wazi kabisa, ubao wa mlango ukifiche kibuyu ukutani.

Kisha ikaja barua kutoka kwa nyanya, imeandikwa na mtu mwingine kwa niaba yake. Mama aliisoma amesimama, mkoba wa kazini ukiwa bado begani.

"Susu anakuja Jumapili," alisema. Susu ndiye nyanya, kwa lugha yetu. "Macho yamezidi kufifia. Ataonwa na daktari, akae nasi wiki mbili."

Halafu akakitazama kibuyu, na uso wake ukalainika. Hakuwa amefika Kitui kwa Krismasi tatu, kwa sababu ya kazi. Kijijini husemwa kwamba binti aliyekaa sana Nairobi husahau hata ladha ya uji wa mama yake, na mama aliyaogopa maneno hayo kuliko nilivyofahamu.

"Atakunywa uji kutoka kwa kitete chake mwenyewe," aliniambia. "Hapo atajua sijapotea."

Jumamosi akina mama wa kanisa walikuwa waje kusali kwetu. Niliwawazia wameketi kwenye vitambaa vyeupe, mlango umefungwa kwa ajili ya sala, macho yao yakipanda ukutani. Ijumaa shule zilikuwa zimefungwa na mama yuko kazini. Nikakishusha kibuyu, nikajificha nyuma ya pazia na beseni.

Nilitia maji moto na sabuni ya unga, viganja viwili. Nilifunga waya wa kusugulia masufuria kwenye kijiti, nikausukuma shingoni na kuzungusha. Povu lilitoka la kijivu, kisha la kahawia, na kila lilipobadilika nilifurahi. Nje nilisugua mpaka weusi ukatoka na kibuyu kikawa na rangi ya chapati ambayo haijaiva. Mwisho nikachukua ncha ya kisu nikachokonoa ule uchafu wa kwenye mshono, kidonge baada ya kidonge. Ulinukia asali. Nakumbuka kabisa kwamba ulinukia asali, na sikujiuliza kwa nini.

Nikakirudisha msumarini. Nilidhani mama atanisifu.

Aliingia jioni, akavua kiatu kimoja, akaona. Alikishusha, akakiweka puani, akafumba macho. Hakunipigia kelele. Alichota maji kwa kikombe akayamimina ndani, na sote wawili tukatazama matone yakitoka kwenye mshono, moja, moja, yakianguka juu ya mguu wake uliokuwa na soksi.

"Hii nta umeipeleka wapi?" aliuliza.

"Nta gani?"

Akakaa kwenye kigoda. Akanieleza taratibu, kama mtu anayesoma barua ya msiba, kwamba ndani ya kibuyu ni kama sifongo, sabuni ikiingia haitoki. Na kile cheusi kilikuwa nta ya nyuki, ndiyo iliyouzuia uji usivuje. Nilianza kulia. Aliniacha nilie kidogo, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Susu akiuliza, ni mimi niliyekiosha. Umesikia?"

"Lakini mwaitu..." nilianza, nikimwita mama kwa lugha yetu.

"Hajakuona tangu ulipokuwa mdogo. Sitaki akujue kwa hili."

Usiku kucha nilijiambia kwamba nitakataa. Akina mama wa kanisa walikuja Jumamosi, wakasali, wakanywa chai. Hakuna hata mmoja aliyetazama ukuta. Mama alikuwa ameshatia uji wa mawele kwenye jagi la plastiki la manjano, akalifunika kwa sahani.

Jumapili nyanya akafika, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, leso kichwani, mkono mmoja umetangulia hewani. Macho yake yaliona mwanga na vivuli tu. Alinishika uso mzima kwa viganja, akanitemea mate kidogo kifuani kwa baraka kama wafanyavyo wazee wetu, akakaa. Kisha akasema, "Na kitete changu kiko hai?"

Mama alikishusha, akampa. Nyanya alikipapasa shingo, akakipapasa tumbo. Vidole vilipofika kwenye mshono vilisimama. Akainua kizibo, akanusa.

"Heh," alikiambia kibuyu. "Nani amekuogesha hivi? Unaenda harusi?"

Sikucheka. Mama alisema, "Ni mimi, mwaitu. Nilikosea."

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao. Mdomo niliufungua. Nakumbuka hewa ikiingia. Nikaufunga tena.

Nyanya alikipakata kibuyu. Mama alimmiminia uji kutoka kwa lile jagi, akaushika mkono wake na kuuongoza hadi kwenye kikombe. Nyanya akakisogeza pembeni polepole. "Nimeshiba safari," alisema. Mama alirudisha kikombe mezani akakifunika kwa kisahani, na niliona jinsi alivyogeuka kupanga kabati ambalo lilikuwa limepangika.

Asubuhi ya Jumatatu mama alienda kazini ili aombe ruhusa ya kesho yake, siku ya daktari. Nyanya akataka kuota jua. Nilimshika mkono nikampeleka nje, nikamwekea kigoda ukutani. Hakuuachia mkono wangu. Alikuwa akiugeuza, akipitisha kidole gumba juu ya kiganja changu, ambacho kilikuwa kimepasuka kwa sabuni na waya.

"Susu," nilisema, "si mama. Ni mimi."

"Najua."

"Amekuambia?"

"Mama yako? Angekufa kwanza." Akacheka bila sauti, mabega yakitikisika. "Siku ninashona ule ufa, yeye ndiye aliyekuwa akiyeyusha nta. Aliungua kidole hiki. Mtu huyo aitoe kwa kisu? Nilikuwa nangoja nijue ni nani kati yenu atakayechoka kwanza."

"Mbona hukunywa uji wake?"

"Kwa sababu alinidanganya," alisema. "Nami nilikasirika. Hata mzee hukasirika." Kisha akaniuliza, "Ulikisugulia nini?"

"Kilikuwa cheusi, Susu."

"Na mimi je? Utanisugua lini?"

Nilicheka huku nalia. Nilimweleza kila kitu, mganga, kuku mweusi, mlango niliokuwa nikiuacha wazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nimletee kibuyu pamoja na kokoto na majivu. Tulikitikisa kwa zamu hadi mchana. Tulitia maji, tukamwaga, tukatia tena. Kila mara alinusa na kutikisa kichwa.

"Kimekwenda," alisema mwishowe. "Si kitu. Kimeishi miaka mingi kuliko wewe."

Akaanza kuufumua mshono wake mwenyewe. Hakuhitaji macho. Alitafuta fundo la chini kwa ukucha, akalilegeza, na uzi ule wa katani ukatoka mzima, mrefu, akauzungusha kidoleni. Kisha akaniagiza msumeno. Nilienda mlango uliotazamana na wetu, na rafiki yangu akaja nao, ule mdogo wa chuma wa baba yake.

"Mnakata mganga?" aliniuliza kwa kunong'ona.

"Masikio yangu ni mazima," alisema nyanya, kwa Kiswahili chake cha Kitui. "Njoo ushike huku, msaidizi wa mganga." Rafiki yangu alishika mpaka mwisho, kimya kama kanisani.

Tulikipasua kwa kufuata ufa ule ule, kutoka shingoni hadi kitakoni.

Mama aliporudi alitukuta tumeketi na nusu mbili. Aliweka mkoba chini. Kabla hajasema neno nyanya alinyoosha mkono.

"Uji uko wapi?"

"Ni wa jana, mwaitu. Uko kwenye plastiki."

"Nimeuliza plastiki? Leta."

Alikunywa kikombe kizima bila kupumzika, mkono wa mama ukiwa bado chini ya kikombe ingawa haukuhitajika. Akafuta mdomo. Akaomba cha pili. Na alipokimaliza alisema, si kwa kunisemesha mimi wala rafiki yangu, "Huu ni uji wa kwetu. Uchachu ni ule ule." Mama alichutama mbele ya jiko akaanza kupuliza makaa ambayo hayakuwa yamewashwa.

Nusu moja nyanya alimpa mama, ya kuchotea unga. Nyingine alinipa mimi. "Hii ni yako," aliniambia. "Ioshe upendavyo."

Niliiosha kila siku kwa mwezi mzima. Baadaye nikaacha, sikumbuki ni lini. Sasa ninaishi mtaa wa Tena, huku huku Nairobi, katika chumba changu mwenyewe, na ninaichotea unga wa ugali. Ukingoni mwake bado kuna yale matundu ya sindano ya nyanya, na kila ninapochota, unga huchirizika kidogo kidogo ukaanguka mezani. Ninauacha hapo mpaka nimalize kupika.