"Sitoki" ya Makoro na "Mizigo" ya Valizi: nilizilinganisha nikiwa kwenye barabara ya Sake

Wakuu, natumaini mko salama huko mliko.

Kuna mkuu mmoja humu aliniomba nilinganishe albamu mpya za Makoro na Valizi, nikamwambia wiki haitaisha. Iliisha, na nyingine zikafuata. Leo ndiyo naandika. Nitakayosema niliyaona mwenyewe, na mhusika ameniruhusu nimtaje.

Kwa wasionijua: mimi ni wa Goma, shule niliiacha mapema, kazi yangu haina jina. Leo nabeba magunia bandarini, kesho nafungua redio ya mtu nione ndani kuna nini, keshokutwa nimepanda lori kwenda mji ambao nimeusikia tu. Kiswahili changu kina Kifaransa ndani, mnivumilie.

Kwanza wahusika.

Makoro ni rapa wa mtaa wa Murara, hapa hapa Goma. Makoro ni yale mawe meusi ya volkano ambayo mji wetu umejengwa juu yake, na sauti yake ni hivyo hivyo. Anakanyaga kila neno.

Valizi alikulia Himbi, karibu na ziwa, kwenye mageti makubwa, ingawa kwao walikuwa wapangaji wa chumba cha nyuma. Hilo jina alipewa na Makoro kwa kumtukana. Waasi walipoingia mjini enzi zile, familia yao ilikimbilia Bukavu. Aliporudi, Makoro akamchana kwenye track moja kwamba valise (sanduku la safari) ya huyu jamaa inajua barabara kuliko dereva. Mji mzima ulicheka. Jamaa akalichukua jina, akaendelea kurap.

Tangu hapo ni clash. Ndevu zimeanza kuota mvi na bado wanachanana. Mwaka huu wakatoa albamu karibu kwa pamoja.

"Sitoki" ni albamu ya mtu aliyebaki. Mlima ulitema moto zamani, alibaki. Waasi waliingia, alibaki. Kuna mstari anasema waliingia akiwa ananyoa ndevu, wakatoka hajamaliza kidevu. Biti ni nzito, mpiga ngoma ni mtu mwenye hasira, hakuna track ya kuruka.

"Mizigo" ni ya taratibu. Kinanda, sauti iliyochoka, nyimbo za barabarani, za godoro kichwani, za kulala kwa watu. Uandishi ni mzuri, ila inasinzia katikati. Halafu kuna skit moja ambayo niliiona ni ya kujazia tu. Mama mmoja anaongea bila biti, nyuma yake sufuria zinagongana. Nilikuwa naruka kila mara.

Uamuzi wangu nilikuwa nimeshauandika kwenye simu: Makoro kashinda, na sababu kubwa ni kwamba anachoimba ndicho anachoishi.

Sasa sikilizeni.

Siku chache baada ya mlima kutema moto tena, ardhi ikiwa bado inatetemeka, asubuhi tukatangaziwa kwamba sehemu kubwa ya mji ihame. Mimi nilikuwa nalala kwenye duka la rafiki yangu pale Murara. Sikuwa na cha kufunga. Nilivaa viatu, nikaweka earphone sikioni, nikafuata watu. Sikujua naenda wapi, na kusema kweli hilo halikunisumbua, nimezoea.

Nilianza na "Sitoki". Ni jambo la ajabu kuhama mji huku mtu anakuimbia sikioni kwamba hahami.

Tulipita Himbi, mageti yako wazi, magari yanapakiwa magodoro. Tukapita Mugunga. Barabara ilikuwa watu tu, mbuzi, pikipiki, na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali.

Kwenye mwinuko mmoja, chukudu ilikuwa imekwama. Juu yake godoro, juu ya godoro mama mzee, miguu imevimba. Nyuma yake mwanaume amevuta kofia mpaka kwenye nyusi, anasukuma peke yake.

"Papa, tusaidie kidogo," akasema.

Hiyo sauti nilikuwa nayo sikioni muda huo huo.

Nilitoa simu. Picha moja tu ingemaliza mabishano yote ya Goma. Aliniona.

"Usinipige photo. Sukuma kwanza, kisha tutaona."

Nikasukuma.

Mbele kidogo kulikuwa na vijana wenye spika begani. Mnajua walikuwa wanapiga nini. Kiitikio kilipofika, "Sitoki, sitoki," barabara nzima ikaimba huku inatoka, watu wanacheka. Yule mama juu ya godoro akageuka.

"Bahati, huyu haiko weye?"

"Nyamaza, mama."

"Ni weye. Nakujua sauti."

"Mama, shika godoro."

Miaka yote namsikiliza huyu mtu, sikuwahi kujua anaitwa Bahati.

Tulisukuma kwa zamu. Nilimuuliza, kwa sababu siwezi kujizuia kuuliza: mbona wewe umetoka?

"Mi ningebaki," akasema. "Mama alikatala kutoka bila mi. Sasa ningefanya je?"

"Na ile mara ya waasi?"

Alisukuma mpaka tukamaliza kilima, ndipo akajibu.

"Ile mara mama alikuwa mugonjwa. Hatukuwa na mutu wa kumubeba. Batu banasema nilibaki juu ya roho nguvu. Nilibaki sababu hakukuwa chukudu."

Wakuu, huo wimbo haumo kwenye "Sitoki". Niliipitia albamu tena moyoni track kwa track. Haumo.

Tulifika Sake jua likiwa limeelekea milimani na wingu limeanza kujaa. Mimi Sake nilikuwa napita tu juu ya malori, sijawahi kushuka. Mashule yamejaa, makanisa yamejaa, watu wametandika kando ya barabara. Mama akasema miguu yake haiwezi tena, na kweli haikuweza, kandambili zilikuwa hazimwingii. Mvua ingemkuta pale nje, sijui angeamka vipi.

Makoro akaanza kugonga milango.

"Muko na chumba?"

"Tumejaa, papa."

Mlango wa pili hivyo hivyo. Wa tatu, mwanaume alifungua, akatuangalia, akafunga. Makoro aliuliza kama anavyorap, kifua mbele. Hajawahi kuomba pa kulala maishani mwake, hajui inavyofanyika.

Hapo ndipo nilipokumbuka ile skit ninayoiruka.

Nikamwambia kuna kitu asikilize. Akaona jina la albamu kwenye kioo cha simu, akarudisha earphone.

"Ya ule? Hapana."

"Siyo yeye anaongea. Sikiliza tu."

Mama yake akasema kutoka juu ya godoro, "Bahati, sikia kijana anakuambia nini. Mvua iko nakuja."

Akaweka sikioni. Nami nikaweka upande wangu. Mama wa kwenye skit anasema hivi: usiombe chumba, mutu ukimuomba chumba anaanza kuhesabu watoto wake. Omba maji. Muzee wenu akunywe wa kwanza. Usichungulie ndani. Angalia kazi gani iko mbele yako, ushike. Halafu ngoja, wenyewe batauliza.

Ikaisha, sufuria zikagongana. Makoro akatoa earphone.

"Ni shangazi yake," akasema. "Ule mama namujua. Alikuwa nauza mandazi kwenye studio ya kwanza."

Tukaipandisha chukudu njia ndogo, juu kidogo ya barabara, sehemu ambayo hata jina lake sikulijua siku hiyo. Mbele ya jiko kulikuwa na mama mmoja anapukuchua maharage. Makoro akavua kofia.

"Hodi, mama. Tunaomba maji ya kukunywa."

Mama akaleta kikombe. Mzee wetu akanywa wa kwanza, taratibu, akashukuru kwa Kinyarwanda, naye akajibiwa kwa Kinyarwanda. Makoro alinywa, akarudisha kikombe, akachuchumaa, akavuta maganda ya maharage mbele yake. Nikachuchumaa na mimi. Mikono ya mpinzani wa Valizi ilikuwa inapukuchua kama ya mtu anayefanya mtihani.

Matone ya kwanza yakagonga bati.

Yule mama akaangalia juu, akaangalia miguu ya mzee.

"Munalala wapi leo?"

Makoro akavuta maganda mengine. Mama yake ndiye aliyejibu: "Bado hatujajua, mama yangu."

"Basi ingizeni godoro kabla halijaloa. Kwa jiko kuko nafasi."

Tuliingiza godoro. Yule mama akawa anacheka peke yake akikusanya maharage.

"Tangu asubuhi batu banakuja hapa na 'chumba, chumba'. Nyie nani aliwafunza kuomba maji?"

Nilimtazama Makoro. Alikuwa anamvua mama yake kitambaa kilicholowa jasho.

"Kuko mutu moya wa Himbi," akasema.

"Rafiki yenu?"

Akakikamua kile kitambaa.

"Jirani."

Mvua ikashuka yote. Mimi nililala karibu na mlango, kwenye gunia, mahali pakavu.

Kabla hatujaachana, nilimuuliza kama naweza kuandika haya. Alisema niandike, ila nisiache ile ya chukudu.

Sasa ulinganisho. Kwa biti na flow, "Sitoki" iko juu, hilo sibadilishi. Nilichofuta ni ile sababu yangu kubwa. Makoro aliacha nje ya albamu wimbo wake mzuri kuliko zote, na Valizi aliweka ndani kitu ambacho mimi nilikiita cha kujazia. Ukiwa na "Mizigo", usiruke skit.

Nilichojifunza ni kutotoa hukumu kwa albamu ambayo nimeisikilizia mahali pamoja tu, nimekaa, nimeshiba.

Karibuni mpinge, mashabiki wa Himbi najua mmeshaanza kuchapa. Lakini wewe uliyewahi kusimama kwenye mlango wa mtu usiyemjua, jua linazama: neno lako la kwanza lilikuwa lipi?

Nasoma yote.